Darasa Zima Linasoma, Mtoto Hasomi



Yeyote anayeishi jirani na shule ya msingi anaijua sauti ya majuma haya. Shule zilifunguliwa Januari. Sare mpya zinapwaya, maana mzazi mwenye hesabu zake hununua ya kuvaliwa miaka miwili. Ikifika saa mbili na nusu asubuhi, madirisha ya darasa la kwanza yanatoa kishindo: a, e, i, o, u. Kisha: ba, be, bi, bo, bu. Watoto mia kwa sauti moja. Mama anayeuza maandazi nje ya uzio huitikia pamoja nao bila kujua kwamba anaitikia. Na mzazi akipita barabarani hujisemea moyoni: kazi inafanyika, mwanangu anasoma.

Mimi nina shaka na sauti hiyo, na shaka hiyo ndiyo niliyokuja nayo leo.

Sisemi watoto wasiimbe. Mtoto wa miaka sita au saba asiyeimba huenda ni mgonjwa. Nisemalo ni kwamba kusoma kwa kuitikia kwa pamoja ni pazia nene, na nyuma ya pazia hilo, kila mwaka, hujificha watoto ambao hawajasoma hata silabi moja. Midomo inafunguka, sauti inatoka, tena sauti sahihi. Lakini macho hayajafanya kazi yoyote. Lililosoma ni sikio. Na sikio la mtoto ni hodari sana. Humbeba Februari, humbeba Machi, humvusha mpaka darasa la pili, ndipo linapochoka.

Juma lililopita mwalimu mkuu wa shule moja hapa Dar es Salaam alinikubalia nikae nyuma ya darasa la kwanza kwa asubuhi mbili. Shule siitaji, kwa kuwa nilichokiona kingeweza kuonekana katika shule nyingine nyingi. Watoto walikuwa mia na kumi na wawili. Dawati lililotengenezwa kwa watoto watatu lilikuwa na watano, na waliokosa dawati walikaa sakafuni mbele, karibu kabisa na ubao, shingo wamezikunja kama vifaranga wanaomtazama mwewe.

Mwalimu, mama wa makamo asiye na haja ya kupiga kelele ili asikike, aliandika ubaoni sentensi tatu. Mama ana nazi. Baba ana jembe. Mtoto ana kitabu. Akawa anagonga kila neno kwa fimbo ya kuonyeshea, na darasa likawa linaitikia. Mara ya kwanza, ya pili, ya nne. Bati la paa lilitetemeka.

Wakati wa mapumziko nilimwita kijana mmoja aliyekuwa ameitikia kwa nguvu kuliko wote. Aliniamkia vizuri, nami nikamwomba anisomee sentensi ya kwanza. "Mama ana nazi," akasema bila kukosea. Lakini alikuwa anatazama viatu vyangu. Nikamgeuza atazame ubao, nikaweka kidole chini ya neno nazi peke yake. Kimya. Kisha akajaribu: "Mama?" Nikaweka kidole chini ya jembe. "Mama ana?" Alikuwa anautafuta mwanzo wa wimbo, akijua akiupata utajiendesha wenyewe. Nikawajaribu wengine kumi na mmoja kwa namna ile ile. Katika wote kumi na wawili, watano walisoma kweli. Saba walikuwa waimbaji. Hesabu hiyo si utafiti, ni udadisi wa mzee mmoja kwa asubuhi moja, lakini ilinitosha kunikosesha usingizi.

Mwalimu hakushangaa nilipomweleza. "Mzee wangu," akaniambia huku anafuta ubao, "hawa ni mia na kumi na wawili. Nikimwinamia mmoja, mia na kumi na mmoja wanaanza kupigana. Wakiimba, angalau najua wako wapi."

Jibu hilo lina historia ndefu nyuma yake. Nchi hii imeufungua mlango wa darasa la kwanza mara tatu, na kila mara kwa kishindo. Mara ya kwanza ni baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, ambalo liliamua kwamba kila mtoto aingie shule, na mwaka 1977 ukaanza ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote ambao wengi wetu tunaujua kwa herufi zake tatu za Kiingereza, UPE. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakifundisha, na wako watu wenye vyeo leo waliofundishwa herufi ya kwanza na walimu hao. Mara ya pili ni pale ada ya shule za msingi ilipofutwa na mpango wa MMEM ukaanza mwaka 2002. Mara ya tatu ni Januari 2016, baada ya waraka wa mwaka 2015 uliozuia michango na kufanya elimu msingi kuwa bila malipo. Kila mara wazazi waliitikia, wakaja na watoto ambao vinginevyo wangebaki nyumbani wakilea wadogo zao au wakichunga mbuzi. Hilo ni jambo la kujivunia, nami sitamsikiliza anayesema heri enzi za wachache.

Lakini mlango kufunguka ni jambo moja, na mtoto kupata mtu wa kumsikiliza akishaingia ni jambo jingine. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto arobaini na watano. Mjini, hasa darasa la kwanza, mwalimu anayepata idadi hiyo anasimuliwa kama aliyeshinda bahati nasibu. Shule nyingine zimegawa watoto kwa zamu, hawa asubuhi, wale mchana, na bado hawatoshi.

Mnakumbuka matokeo ya Uwezo. Mwaka 2010 watu wa Uwezo walizunguka nyumba kwa nyumba Tanzania Bara wakiwapima watoto. Walikuta kwamba katika kila watoto kumi wa darasa la tatu, kama watatu hivi ndio walioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Magazeti yakaandika, wakubwa wakakasirika, wengine wakakana. Nilichojiuliza mimi wakati ule ni kitu kidogo tu: watoto hawa walikuwa shuleni miaka miwili na zaidi, mbona hakuna aliyejua? Jibu limo katika namna walivyopimwa. Waliopima walikaa na mtoto mmoja mmoja, uani kwao, wakampa karatasi, wakamwambia asome. Hakukuwa na wenzake wa kumbeba.

Na serikali ilisikia. Mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili likapewa mtaala wake uliokazia KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, badala ya lile rundo la masomo ambalo mtoto alilazimika kulibeba kabla hajajua kuandika jina lake. Walimu wakafundishwa kuanza na sauti za herufi. Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana kitu hiki wazazi wengi tunakiharibu nyumbani kwa nia njema.

Kiswahili kimebarikiwa. Mtoto wa Kiingereza akiona herufi tano, hajui kama zitasomwa zote au nusu zimewekwa kwa mapambo. Kwetu, karibu kila herufi ina sauti yake na haibadiliki kwa kuwa imekaa karibu na jirani fulani. Irabu tano, konsonanti kadhaa, silabi karibu zote zinaishia kwa irabu. Mtoto akishaushika utaratibu huo anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kulisikia maishani mwake. Ni zawadi kubwa mno.

Sasa baba anarudi jioni, anamkalisha mtoto, anamwonyesha herufi b na kumwambia, hii ni be. Na hii ni a. Haya, soma. Mtoto, ambaye ana akili timamu, anasoma: "bea". Baba anakasirika. Anamwonyesha m, hii ni em, na a. Mtoto anasoma "ema". Kibao. Ndugu zangu, mtoto amesoma alichofundishwa. Jina la herufi si sauti yake. Mwalimu aliyefundishwa vizuri atamwambia b inasema nini, midomo ikifungwa na kuachia, na m inasema nini, midomo ikiwa imefungwa na pua ikivuma. Majina ya herufi yatakuja baadaye, hayana haraka.

Tena hata Kiswahili kina mitego yake. Mtoto aliyezoeshwa kwamba kila konsonanti lazima ifuatwe na irabu atakutana na neno mtu, atasoma "mutu". Hajui kwamba hiyo m imesimama peke yake na inajitegemea. Atakutana na ngoma na ng'ombe, na kile kijialama kidogo juu hatakiona kabisa. Atachanganya b na d, kwa kuwa katika maisha yake yote kikombe kimekuwa kikombe hata kikigeuzwa mkono upande wa kushoto, na leo anaambiwa umbo lile lile likigeuka limekuwa kitu kingine. Halafu yapo yale maneno yetu marefu. Chukua neno aliyenipigia. Ni neno moja tu, lakini lina silabi saba, na ndani yake yupo aliyepiga na yupo aliyepigiwa. Mtoto anayesoma kwa kujikokota, a, li, ye, ni, akifika gi amekwisha kusahau alianza na nini. Ndiyo maana silabi zinatakiwa zimkae vizuri mapema, azitambue kwa kutupa jicho, akili ibaki na nafasi ya kuelewa.

Na haya yote nayasema juu ya mtoto wa mjini, aliyezaliwa akisikia Kiswahili. Yule wa Shinyanga vijijini anayeongea Kisukuma na bibi yake, au wa Ngorongoro anayeongea Kimaasai, anajifunza herufi na lugha siku moja. Huyo naye ataitikia kwaya vizuri tu. Wimbo hauhitaji kujua maana.

Wako wasikilizaji ambao wamekwisha kuanza kusema: mzee huyu anatulalamikia, lakini darasa la watoto mia litasikilizwaje mmoja mmoja? Swali la haki. Nilikaa na yule mwalimu tukapiga hesabu kwenye kipande cha karatasi. Watoto mia na kumi na wawili. Ukiwasikiliza wanane kila siku, dakika moja kila mmoja, utawamaliza wote kwa siku kumi na nne za masomo. Hazifiki majuma matatu. Mwezi wa pili usingekwisha bila mwalimu kumjua kila mtoto kwa sauti yake. Dakika nane kwa siku! Hotuba ya mstarini asubuhi hula zaidi ya hapo, na sijawahi kumwona mtoto aliyejifunza kusoma kutokana na hotuba ya mstarini.

"Na hao wengine dakika hizo nane?" akaniuliza. Tukafikiri. Wachore. Wapange vizibo kwa rangi. Wanakili mstari mmoja, si ukurasa mzima. Katika shule inayopika uji, foleni ya uji ni darasa zuri sana: mwalimu anasimama na kadi zilizokatwa kwenye maboksi ya sabuni, kila mtoto anayepita anasoma silabi moja. Ila naomba isieleweke vibaya, anayekosea asinyimwe uji. Mtoto aliyeondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, akaachwa na daladala tatu kwa kuwa kondakta hataki nauli ya mwanafunzi, hana haja ya mtihani wa njaa.

Wenzetu wa Kenya walipoanza mpango wao wa Tusome mwaka 2015, walifanya mambo mawili ambayo ningependa tuyaige bila kuona haya. La kwanza, kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili alipewa kitabu chake mwenyewe, si kitabu kimoja kwa watoto watano ambapo mmoja anasoma, wawili wanatazama kichwa chini miguu juu na wengine wanatazama dirishani. La pili, maafisa waliozungukia madarasa hawakuishia kukagua andalio la somo na kutia saini. Waliwaita watoto wachache, wakawasikiliza wakisoma, mmoja baada ya mwingine, na kuandika walichosikia.

Wala jambo hili si geni Pwani. Waliopitia chuoni wanakumbuka mtoto akianza alifu kwa ujiti, na wanakumbuka kelele za watoto wote wakisoma kwa wakati mmoja. Lakini kelele zile zilikuwa tofauti na hizi. Kila mtoto alikuwa na mahali pake katika juzuu, na kila mtoto, kwa zamu yake, alikwenda mbele ya mwalimu na kusoma pale alipofikia. Asiyejua alirudishwa kurudia, aliyejua alisogezwa. Nazungumzia utaratibu tu, si dini, wala sisifu bakora. Utaratibu wa kumjua kila mtoto amefika wapi tulikuwa nao kabla ya kuletewa ubao mweusi.

Sasa tuje kwetu sisi wazazi wa mjini, maana si haki kumwachia mwalimu mzigo wote. Sisi tunapima shule kwa daftari. Mtoto akirudi, tunafungua begi, tunahesabu kurasa zilizojaa na alama za vema kwa kalamu nyekundu. Ukurasa ukiwa mtupu, tunanuna, kesho tunakwenda kumuuliza mwalimu kama shuleni wanacheza tu. Mwalimu naye ni binadamu, anajua tunachotaka. Anaandika ubaoni mistari kumi, watoto wananakili. Lakini kunakili si kuandika. Nimeona daftari zenye mwandiko mzuri kabisa wa watoto wasioweza kusoma neno hata moja kati ya yale waliyoyaandika. Wamezichora herufi kama vile mtu anavyochora ua la kitambaa cha meza. Tiki zote zimewekwa, na mama mtu amefurahi.

Halafu tunaongeza tuisheni. Mtoto wa miaka sita anatoka shule saa sita, anakula, anapelekwa kwa mwalimu wa jirani mpaka jioni, anarudi na kazi ya nyumbani. Wengine wamekwisha kufanyiwa usaili kabla ya kupokewa darasa la kwanza la shule ya kulipia, mtoto mwenye pengo la meno mawili ya mbele amekaa kwenye kiti kirefu anaulizwa maswali na watu watatu wazima. Ninajua kwa nini tunafanya hivyo, ni hofu. Lakini mikono ya mtoto wa umri huo bado haijakomaa kushika penseli kwa saa nyingi. Vidole vinataka kwanza kufinyanga udongo, kuchambua mchele na bibi, kusuka ukili, kufunga na kufungua vifungo, kuchora mchangani kwa kijiti. Kidole kinachoteleza tu juu ya kioo cha simu hakipati nguvu hiyo. Mwalimu anayetumia majuma ya mwanzo kuchora mawimbi na vitanzi hewani, mchangani, kwenye ubao, kabla ya kudai herufi ndani ya mstari, huyo hachezi. Anajua kazi yake kuliko mzazi anayehesabu kurasa.

Vivyo hivyo masikio. Kabla ya kuiona herufi, mtoto anatakiwa asikie kwamba maji na mama yanaanza sauti moja, na kwamba ukiondoa ka kwenye kaka inabaki ka. Sisi tulikuwa na vitendawili baada ya chakula cha jioni. Anayetega na anayetegua wote walikuwa wanafundishwa kusikiliza. Siku hizi saa hiyo ni ya televisheni.

Kuhesabu nako kuna kwaya yake. Watoto wanapanda kutoka moja hadi mia bila kuvuta pumzi. Kisha mwambie mmoja akuletee vizibo saba vya soda kutoka kwenye kopo. Anachota kiganja. Anavijua vyeo vya tarakimu kama askari wa gwaride, lakini hajui kwamba saba ni wingi, ni kitu kinachojaza mkono. Hapa pia lugha yetu inatubeba, kama tungeitumia. Mtoto wa Kiingereza anapofika kumi na moja na kumi na mbili, anapewa majina mawili mapya ambayo hayamwambii lolote. Mtoto wetu anaambiwa waziwazi: kumi, na moja. Kumi, na mbili. Ukimfungia vijiti kumi kwa uzi na kuweka vinne pembeni, anaiona kumi na nne kwa macho yake, na jina lake linasema kile kile anachokiona. Raha hiyo inaharibika kidogo tu tukifika ishirini na thelathini, ambazo tumezipokea kutoka Kiarabu na hazisemi makumi mangapi, hapo mwalimu inabidi asimame aeleze. Wazazi wanaokimbilia kumfundisha mtoto kuhesabu kwa Kiingereza kabla hajaiona kumi na nne ya vijiti wanamnyang'anya ngazi na kumwambia apande.

Na mdako? Wasichana wetu walichimba kishimo, wakajaza vijiwe, wakarusha kimoja juu na kukokota vingine, wakirudisha na kubakiza kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, bila kuangusha. Mikono, macho na hesabu kwa pamoja. Wizara ingebuni kifaa cha namna hiyo ingetangaza zabuni.

Nimeliacha la mwisho kwa makusudi, maana litawaudhi baadhi ya walimu wakuu, na wengine ni rafiki zangu. Ni nani anayepangiwa darasa la kwanza? Katika shule nyingi ninazozijua, mwalimu hodari kuliko wote yuko darasa la mtihani. Huko ndiko kwenye matokeo yanayobandikwa ukutani na kusomwa na mkurugenzi. Darasa la kwanza anapewa mwalimu mpya aliyeripoti juzi na hajapata hata nyumba, au yule anayekaribia kustaafu ambaye inasemekana apumzike. Kupumzika! Kuwa na watoto mia na kumi na wawili, nusu yao hawajawahi kukaa dakika ishirini mahali pamoja, wachache wanalilia mama zao, mmoja amejikojolea na mwingine amemeza kifutio.

Kwa mpangilio huo, mwalimu hodari wa darasa la mtihani anatumia nguvu zake kubomoa na kujenga upya msingi ambao angeujenga yeye mwenyewe kwa robo ya jasho, kama angepewa watoto wale wale Januari ya mwaka wao wa kwanza. Na nafasi ya kubomoa na kujenga upya inapungua. Tangu Januari 2024 watoto wanaoanza darasa la kwanza wako katika mtaala mpya ambao shule ya msingi ni miaka sita badala ya saba. Mwaka mmoja umekatwa upande wa mwisho. Mtoto wa zamani aliyechelewa kusoma alikuwa na mwaka wa ziada wa kubahatika. Huyu wa sasa hana. Upimaji wa darasa la pili upo, na wa darasa la nne upo, lakini upimaji unamkuta mtoto akiwa amekwisha kuketi miaka miwili au minne akiitikia.

Walimu wakuu wengine wamekwisha kubadili mpangilio. Yupo mmoja, wilaya nyingine, aliyechukua darasa la kwanza yeye mwenyewe vipindi viwili kila asubuhi. Walimu wenzake walimcheka mwaka wa kwanza. Sasa wanagombania darasa la pili, kwa sababu wanalikuta linasoma.

Kwako mzazi, ombi langu ni dogo na halina gharama. Leo jioni mchukue mtoto wako wa darasa la kwanza, fungua kitabu chake ukurasa anaojidai anaujua. Ziba picha kwa kiganja. Usianze mwanzo wa mstari. Anza neno la mwisho, kisha la katikati, kisha rudi la kwanza. Akisoma, mpongeze, fungeni kitabu, mkale. Asiposoma, usimpige na usimwite mjinga. Hajadanganya, ameitikia kama alivyoambiwa. Chukua silabi nne tu, ma, na, ba, ka, ziandike kwenye vipande vya boksi, mzicheze kama karata robo saa kila jioni: mama, kaka, baba, nana, kama. Juma linalofuata ongeza nyingine nne. Mama asiyejua kusoma naye anaweza kusaidia. Amwambie kaka yake mtu wa darasa la tano avisome kwanza, kisha yeye amsikilize mdogo kama amesema vile vile.

Na vikao vya wazazi vinakaribia. Tutakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu, tutasikiliza habari za michango ya mlinzi na ukarabati wa choo. Ukipewa nafasi ya kuuliza swali moja, acha kuuliza mwanao amekuwa wa ngapi. Muulize mwalimu wake, kwa heshima, ni lini mara ya mwisho mtoto huyo alisoma peke yake, na alisoma neno gani.